Senge Aliyekuja kwa Wiki Moja

Senge alikuwa mwongo wa mambo madogo. Ukimuuliza kama sukari ipo, alisema imekwisha, na huku ameliegemea kopo. Konda akiuliza umri wa Simiyu, ndugu yetu mdogo, mtoto alirudishwa utotoni papo hapo, akaambiwa ainamishe kichwa. Umri wa Senge mwenyewe ulibadilika kulingana na anayeuliza: kwa akina mama wa kanisani alikuwa mzee wa kuachiwa kiti, kwa fundi wa redio alikuwa bado binti. Sisi watoto tulipomshika uongo, hakukana. Alitutazama kwa huruma, kama watu waliochelewa kujifunza jambo rahisi, akasema, "Ukweli ni kama kitoweo. Mkiumaliza wote mchana, jioni mtakula na nini?"

Kwetu Bungoma, senge ni dada ya baba. Ana jina lake, lakini sijawahi kulitumia na hata sasa lingenikwama mdomoni. Alifika Lodwar, tulikokuwa tukiishi, mwaka wa 2012, mama alipohamishwa kwenda kuuguza wagonjwa Kakuma na baba akabaki nasi, akitupikia wali uliokuwa mbichi juu na mkaa chini. Senge alisema amekuja kwa wiki moja tu, mpaka tupate msichana wa kazi. Msichana wa kazi hakupatikana. Waliokuja kuuliza, Senge aliwahoji yeye mwenyewe mlangoni, na wote walionekana kuwa na kasoro.

Lazima niseme kwamba sisi hatukuwa watoto wa kupenda wageni. Mwaka ule habari za mafuta kupatikana Turkana zilikuwa zimefika Bungoma, na zilifika zimenenepa njiani. Jamaa zetu waliamini kwamba mtu akichimba choo Lodwar atatoka tajiri. Alikuja mjomba wa mama kutafuta kazi, akaitafuta kwenye kochi letu miezi mingi. Akaja binamu wa baba ambaye hakuweza kulala bila redio, wala kuamka nayo. Kila mgeni alipewa kitanda cha Wekesa, na Wekesa, anayenifuata mimi kwa kuzaliwa, alipewa mkeka.

Kwa hiyo Wekesa alikuwa amebuni njia. Mgeni akishakunywa chai ya kwanza, alimkalia karibu na kumweleza, kwa sauti ya daktari, kuhusu nge wa Lodwar: kwamba ni wakubwa kama kiganja, kwamba wanamtambua mtu mgeni kwa harufu, kwamba wanapenda viatu vilivyotoka mbali. Mimi nilikuwa shahidi. Simiyu alikuwa wa kulia mahali panapofaa. Yule binamu wa redio aliondoka siku ya pili, akidai amekumbuka shamba lake.

Senge alimsikiliza Wekesa mpaka mwisho. Akaweka kikombe chini.

"Wanakaa wapi?"

"Chini ya mawe, Senge. Na kwa kuni."

Kulipopambazuka tulimkuta uani na koleo la jikoni. Alikuwa amegeuza kila jiwe, akahamisha kuni zote, na nge aliowaua amewapanga kwenye kipande cha bati. Hakuonekana kuogopa. Alionekana mtu aliyeuziwa kitu hafifu.

"Wekesa," alisema, "hawa ni wadogo. Wale uliosema wako wapi?"

Siku hiyo Wekesa alikubali mkeka.

Mtu kama huyo ungedhani haogopi chochote. Lakini Senge aliogopa mbuzi. Hapa namaanisha hofu ya kweli, ya kusimama nyuma ya mlango na kumwita mtoto wa miaka mitano aje amsindikize. Na alikuwa amekuja kuishi Lodwar, mahali mbuzi wanaingia dukani, wanalala kivulini mwa pikipiki za boda boda, wanakula katoni na ganda la ndizi na kona ya gazeti unalolisoma. Alitembea na mwavuli mweusi, si wa mvua, maana mvua ilikuwa hadithi. Mbuzi akimkaribia, aliufungua ghafla usoni pake. Mbuzi wa Bungoma, alituambia, wanafungwa kamba, wanajua nafasi yao. "Hawa wenu wanakuangalia kama mtu aliyesikia habari zako."

Aliyemcheka zaidi kuhusu jambo hilo alikuwa mwanamke aliyetuletea maziwa, Mturkana mrefu mwenye shanga nzito shingoni, ambaye Senge alimwita Mama Ejok. Tulikuwa tumezoea hivyo, hata sisi tukaanza kumwita Mama Ejok. Alikuwa amefika mlangoni asubuhi ya kwanza na kusema, "Ejok," na Senge akadhani anajitambulisha. Tangu hapo kila asubuhi Senge alimpokea kwa sauti ya furaha: "Ejok! Karibu, Ejok." Naye mama yule aliitika vizuri, wakaulizana habari, maziwa yakamiminwa.

Siku moja Senge alimtambulisha kwa mke wa mchungaji: huyu ni rafiki yangu, Mama Ejok. Mke wa mchungaji, aliyekuwa ameishi Lodwar tangu zamani, akacheka mpaka akashika ukuta. Senge akamgeukia mama wa maziwa.

"Kwani wewe si Ejok?"

"Hapana. Ejok ni salamu tu. Mimi naitwa Akiru."

"Na mbona siku zote unaitika?"

"Wewe unanisalimia kila siku," Akiru akasema. "Mtu akikusalimia si unaitika?"

Senge alikwenda akaleta sufuria ya maziwa. Kisha akasema jina alilompa ni zuri kuliko alilozaliwa nalo, na hatabadilisha. Hakubadilisha. Nao walielewana tangu siku hiyo kuliko zamani, kwa Kiswahili ambacho kila mmoja alikivunja upande wake. Akiru alikuja hata siku asizokuwa na maziwa. Alikaa kwenye kigoda jikoni, akifukuza mbuzi kwa neno moja la Kiturkana ambalo Senge alijitahidi kulijifunza. Senge alilitamka vizuri kabisa. Mbuzi hawakujali.

Kuhusu kuondoka, Senge alikuwa anaondoka kila Ijumaa. Siku ya Jumatano alianza kulalamika: joto hili, vumbi hili, maji haya ya chumvi, watu gani walikuja kujenga mji hapa bila kuuliza. Alhamisi alifua nguo zake zote. Ijumaa asubuhi nguo zilikuwa zimekunjwa, baba ameambiwa aulize basi la Kitale linatoka saa ngapi, na sisi tumesimama sebuleni tukijizuia kutabasamu. Halafu jambo lilitokea. Unga ulikuwa karibu kwisha, na nani atajua kuchagua mwingine. Simiyu alikohoa. Ijumaa moja sababu ilikuwa kwamba ndoto yake haikuwa nzuri, na tulipouliza ameota nini alisema ameota Ijumaa.

Alipika kama mtu anayetarajia matanga. Sufuria ilijaa, na kilichobaki alikigawa kwa majirani, kisha akalalamika kwamba majirani wa Lodwar wanapenda vya bure. Alikaa kanisani katika sweta ya sufu, jasho likimtiririka, kwa sababu mwanamke wa heshima haendi kwa Mungu mikono wazi. Aliimba kwa sauti kubwa, hata beti asizozijua. Maneno ya wimbo yakimpotea hakunyamaza kama wengine. Alitia yaliyo karibu, na mara moja nilimsikia akimwimbia Bwana kuhusu sukuma wiki ya sokoni, iliyonyauka kabla ya kufika nyumbani.

Shuleni alienda badala ya mama, siku ya wazazi. Mwalimu wa darasa alimuuliza yeye ni nani kwa Wekesa.

"Mimi ndiye mama yake."

Wekesa, aliyekuwa amesimama hapo hapo, alitazama viatu vyake.

"Mama Wekesa, kijana huyu anaongea sana darasani."

"Anaongea nini?"

"Mambo tu. Hadithi."

"Za kweli au za uongo?"

Mwalimu alifikiri. "Nadhani za uongo."

"Zinaeleweka?"

"Zinaeleweka sana. Ndiyo shida, darasa lote linamsikiliza."

"Basi tumshukuru Mungu," Senge akasema, akaketi. Njiani kurudi alimfinya Wekesa sikio mpaka nyumbani, lakini alimfinya akiwa na uso wa fahari, na Wekesa alituambia baadaye kwamba halikuuma sana.

Kuna maneno yake ambayo nayasema mpaka leo bila kukusudia. "Mtoto akinyamaza, tafuta kiberiti kiko wapi." "Mgonjwa akianza kuchagua chakula, amepona." Na kwa baba, aliyekuwa mtu mpole wa ofisi ya maji, anayetoka kazini na kukaa kimya kama bomba lisilo na maji: "Ndugu yangu, maneno hayaozi, lakini usiyaweke sana."

Nimesema alikuwa mwongo wa mambo madogo. Kuhusu makubwa nilijua baadaye, kule Kakuma.

Ilikuwa likizo ya Aprili, mwaka wa 2013. Mama hakuweza kupata ruhusa ya kuja Lodwar, basi baba akatupatia nafasi kwenye gari la mwenzake wa kazi lililokuwa linakwenda huko, Senge akiwa mbele na mwavuli wake, sisi watatu nyuma. Mama alikuwa amepanga chumba upande wa mji. Kliniki yake ilikuwa ng'ambo, katika kambi ya wakimbizi. Kati ya mji na kambi kuna laga, mto wa mchanga ambao karibu mwaka wote hauna hata tone. Watu wanauvuka kwa miguu, watoto wanauchezea mpira. Mama alituonya kuhusu laga siku ile ile tuliyofika. Maji yanatoka milimani huko mbali, alisema, mvua inanyesha kwa wengine na mto unawajia nyinyi.

Mchana wa siku ya tatu mama alikuwa kazini. Jua lilikuwa kali, mbingu nyeupe. Senge alitandika mkeka kivulini nyuma ya nyumba, akamlaza Simiyu ubavuni pake, akamwekea mkono juu ili asiondoke. Mimi na Wekesa tulikuwa bombani na madumu, kwenye foleni. Tuliporudi Senge alikuwa amelala, mkono wake umeufunika mto wa kulalia, na Simiyu hayupo.

Hatukushtuka. Simiyu alikuwa na tabia ya kuwafuata watu wenye mpira. Tulianza kumtafuta kwa hasira tu, jirani hadi jirani. Kisha tukasikia mlio kama lori zito linalopanda mlima, na watu wakaanza kukimbia kuelekea laga, wengine wakipiga kelele kwa Kiturkana. Mwanamke aliyekaanga mandazi kando ya njia alisimama akatuita.

"Hako katoto kenu kalishuka huko na wale wa mpira. Si mko na mama? Muitie mama."

Senge alikuwa tayari nyuma yetu. Hakuwa na mwavuli wala viatu.

Laga iliyokuwa mchanga asubuhi ilikuwa imejaa maji ya rangi ya chai, yakienda kwa kasi, yakizungusha matawi ya miti ya miiba, mathenge, na dumu la njano na kitu ambacho kwa muda wote niliokitazama nilijiambia ni mbuzi. Watoto wa mpira walikuwa wamepanda upande wetu, wamelowa, wanatetemeka. Senge alimshika mkubwa wao mabegani.

"Yule mdogo yuko wapi?"

"Alikuwa nyuma yetu," kijana akasema. Kisha akasema, "Ama mbele. Maji ikakuja. Sijui, mama."

Senge alifunga leso kiunoni, akaanza kuingia majini. Alitembea kama mtu anayevuka barabara. Maji yalimfika magotini, kisha yakamyumbisha, na wanaume wawili wakamdaka, Wekesa akamng'ang'ania gauni. Mmoja wa wale wanaume, mzee mwenye fimbo, aliendelea kumwambia taratibu, "Mama, hii maji haijui mtu. Ngoja. Ngoja tu." Walimketisha kwenye ukingo. Alikaa akitazama maji, mikono juu ya magoti, na nilipokaa karibu naye niliona midomo yake inatikisika lakini sikusikia kitu.

Mimi ndiye niliyekuwa na simu. Nilimpigia mama. Haikupokelewa. Nikapiga tena, na tena.

"Nipe," Senge akasema hatimaye. "Akipokea nitamwambia mimi. Nitamwambia nilikuwa nimelala."

"Senge, tuseme kwamba alitoroka."

"Nitamwambia nilikuwa nimelala," akasema.

Wekesa alikuwa akitembea huku na huku kando ya maji akimwita Simiyu kwa jina, na ng'ambo watu walikuwa wengi, wadogo kwa umbali, wakitutazama kama sisi tulivyowatazama. Sijui tulikaa hapo muda gani. Najua jua lilisogea na mguu wangu ukafa ganzi na sikutaka kuusogeza.

Simu ililia mkononi mwa Senge. Alikuwa mama. Senge aliishika sikioni kwa mikono miwili, akafungua mdomo kusema lile alilojiandaa kulisema, na mama hakumpa nafasi. Sauti ya mama ilisikika mpaka kwetu.

"Dada, mbona mmemtuma Simiyu huku peke yake? Mimi niko kazini."

Senge aliibana simu sikioni zaidi.

"Dada? Unasikia? Mtoto ameletwa hapa kliniki na mama mmoja Mkongo. Amemkuta analia huku ng'ambo, anasema mama yake ni sista wa kliniki. Ametembezwa kliniki zote. Nimemkuta amekula samaki mpaka tumbo limekuwa ngoma. Saa hii amelala kwenye benchi ya wagonjwa. Halafu mto umejaa, sijui mtamchukuaje."

Nilimwona Senge akiinama polepole mpaka paji la uso wake likagusa magoti. Mabega yalimtikisika. Wekesa alikuja mbio akidhani ni habari mbaya, nami nikashindwa kumwambia kwa sababu nilikuwa nalia nikicheka. Kwenye simu mama aliendelea kuita, dada, dada, na ndipo Senge alipoinua kichwa, akajifuta uso kwa leso iliyolowa.

"Samaki gani?" akauliza.

"Samaki... sijui. Wa kukaanga."

"Mwulize huyo mama aliweka nini," Senge akasema. "Nyumbani hataki samaki."

Yule mzee wa fimbo aliwaeleza wengine kwa Kiturkana, na ukingo wote ukalegea. Watu walicheka, mmoja akapiga makofi, mwanamke wa mandazi akatuletea mandazi ya moto katika karatasi na akakataa kulipwa. Wale watoto wa mpira walikuja mmoja mmoja kumwomba Senge msamaha, kila mmoja akapewa andazi.

Maji yalishuka kesho yake, na kabla ya saa sita tulikuwa tukivuka matopeni, Senge mbele. Simiyu alikuwa amekaa mlangoni kwa yule mama Mkongo, kwa sababu asubuhi hiyo mama alikuwa kazini tena. Alitupungia mkono kama mwenye nyumba anayekaribisha. Alieleza kwamba alivuka kwanza ili awe golikipa wa ng'ambo, halafu mto ukaja bila kumwambia.

Tulikuwa tumemtabiria kipigo. Senge aliomba beseni. Akamketisha kwenye kigoda, akamwosha miguu, kidole kwa kidole, akiisugua kana kwamba ni viatu vya kwenda kanisani. Simiyu alilalamika kwamba anamtekenya. Alipomaliza mguu wa pili alirudia wa kwanza.

"Mutoto wenu eko na akili," mama Mkongo akasema. "Alilia, lakini alilia na adabu. Eko anakula bila kuchagua."

"Asante, mama. Mungu akubariki. Uliweka nini kwa samaki?"

Walizungumza mpaka alasiri. Kila mmoja aliamini mwenzake ndiye asiyejua Kiswahili, kwa hiyo kila mmoja alisema polepole na kwa sauti ya juu, kwa upole mwingi, akimsaidia mwenzake. Tulipoondoka Senge alituambia, "Masikini, mwanamke mzuri kama yule. Lugha tu ndiyo inamshinda." Mpaka mama alipoondoka Kakuma, kila alipokuja Lodwar na kurudi kazini, alibeba salamu kwenda na salamu kurudi.

Baba alikuwa bado hajui. Mama alidhani tulishamwambia, sisi tulidhani hataambiwa kamwe, na njia nzima kurudi Lodwar Wekesa alitunga hadithi ya kutosha, isiyo na mto. Senge hakuigusa. Baba alipofungua mlango, kabla hajapokea mizigo, alisimama mbele yake.

"Nililala mchana na mtoto akaenda mtoni. Mto ulijaa. Amepona kwa neema tu, si kwa sababu yangu. Nilitaka uisikie kwangu."

Kisha akaingia chumbani akaanza kukunja nguo. Haikuwa Ijumaa. Hakuwa amelalamika tangu Kakuma, na hilo ndilo lililotutisha. Wekesa alinitazama, nikamtazama Wekesa, na bila kusemezana tukaingia chumbani na kukalia mkoba wake, mimi upande huu, yeye upande ule. Simiyu alipanda katikati.

"Ondokeni hapo."

"Hapana, Senge," Wekesa akasema.

"Mwaka mzima nimetafuta sababu ya kuondoka. Sasa nimeipata, nyinyi mnaikalia."

Baba alikuja akasimama mlangoni. Tulingoja. Alimtazama Simiyu kwa muda mrefu, akaja akamwinua, akamnusa utosini, akamrudisha juu ya mkoba.

"Dada," akasema, "mimi nimekuwa hapa wiki nzima nakula wali wangu mwenyewe. Unaniona nilivyo."

Senge alimtazama. Kweli alikuwa amekonda. Akaiweka chini blauzi aliyokuwa ameshika.

"Huu wali wako," akasema, "watu walikufundisha au uliuvumbua?"

Akaenda jikoni. Tukaendelea kuukalia mkoba mpaka tuliposikia kitunguu kinaingia kwenye mafuta.

Aliondoka Agosti ile, mama alipopata uhamisho wa kurudi Lodwar. Aliondoka siku ya Jumanne, bila kuifanyia maandalizi, na Akiru alimsindikiza mpaka basi.

Desemba, shule zikiwa zimefungwa, baba alipigiwa simu kutoka nyumbani Bungoma. Senge amelazwa, amepasuliwa tumbo, hali si nzuri, njooni haraka. Tulisafiri kupitia Kitale. Mama alikuwa ametoa gauni jeusi kabatini na kulikunja chini kabisa ya mfuko wake, chini ya taulo na sufuria ya uji. Alidhani hatukumwona. Simiyu aliuliza kama Senge ataweza kula samaki.

Hospitali ilikuwa na wadi ndefu yenye vitanda pande mbili. Tulielekezwa kitanda cha mwisho karibu na dirisha. Kilikuwa kitupu. Shuka lilikuwa limetolewa, godoro limekunjwa katikati ili lipate hewa. Baba aliweka mkono kwenye chuma cha kitanda. Mama alinishika bega, na nilihisi uzito wake wote ukija juu yangu.

Nesi mmoja alipita na trei.

"Mnamtafuta yule mama wa hapo?" akauliza. Alitutazama nyuso, akaelewa, akasimama. "La, la. Yuko nje. Tumemtoa nje kidogo kwa sababu wagonjwa wengine wanataka kupumzika."

Tulimsikia kabla ya kumwona. Alikuwa nyuma ya jiko la hospitali, kwenye benchi la jua, amefungwa blanketi kiunoni. Uso ulikuwa umepungua na mikono imekuwa miembamba, lakini sauti ilikuwa ile ile. Alikuwa akimweleza mpishi kwamba uji wake una mapovu kwa sababu anaukoroga kwa hasira, na kwamba yeye hataunywa, alete mwingine, wa wimbi.

Baba, mtu wa maneno machache, alisimama hapo akatamka lile moja alilokuwa nalo. "Anachagua chakula," akasema, na akageuka upande wa ukuta, akatoa kitambaa mfukoni.

Senge alituona. Hakushangaa hata kidogo.

"Mmekuja na nini?" akauliza.

Simiyu alikuwa tayari amembana shingoni, na mimi na Wekesa tulikuwa tukigombania mkono mmoja. Alitusukuma ili atutazame vizuri. Alimwambia Wekesa amerefuka bure, akaniambia mimi nimeanza kufanana naye, pole. Mama alikuwa akitafuta sufuria ya uji katika mfuko, akiharakisha, machozi yanamzuia kuona, akatoa taulo, akatoa sufuria, na gauni jeusi likatoka pamoja navyo, likaanguka miguuni pa Senge.

Senge aliinama polepole, mkono mmoja tumboni, akaliokota. Alilikung'uta. Akalipima mabegani, kwenye mkono wake uliopungua, na upana wa kiuno. Kisha akamtazama mama, na mama akainamisha macho.

"Hili ni gauni zuri," Senge akasema. "Nipe mimi. Ukikaa nalo utaanza kutafuta pa kulivaa."

Alilivaa Krismasi. Lilimkaa vizuri sana, na kila aliyekuja nyumbani kumwona akalisifu na kuuliza limetoka wapi, alimwambia limetoka Lodwar, ameletewa zawadi.